Biringanya la Kitambaa Chekundu

Katika nyumba ya Sindano, kila mtu alijua kwamba biringanya lililofungwa kitambaa chekundu haliguswi. Mumewe alijua. Watoto walijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Hata panya, kwa maneno ya Sindano mwenyewe, walijua na waliheshimu. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na mchana ule ndiye aliyekuwa jikoni ameshika kisu.

Huyo alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa kwanza. Ndoa ilikuwa bado mbichi, na mtaa mzima ulimwita Bi Harusi kana kwamba hakuzaliwa na jina lingine. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Siku hiyo wazazi wa Bi Harusi walikuwa wanakuja kumwona binti yao kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na tangu asubuhi alikuwa amefagia uwanja, akaurudia, kisha akapangusa hata madirisha ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Sindano mwenyewe alikuwa dukani kwake akimalizia sare za shule. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye maneno mafupi yanayochoma, na jina hilo alipewa na wateja wake, akalipokea kama cheo. Kabla ya kutoka, tepu ya kupimia ikiwa shingoni tayari, alimwambia mkamwana, "Pika unachoona kinafaa, mwanangu. Bustani ile pale."

Basi Bi Harusi akaenda bustanini. Bustani yenyewe ilikuwa kipande cha ardhi kati ya ukuta na tangi la maji, mahali ambapo watu wengine huweka ndoo zilizotoboka. Kulikuwa na nyanya, vitunguu, na pembeni kabisa mbiringanya mmoja uliozeeka, majani yamejaa matundu, umebeba tunda moja tu. Lakini tunda gani! Lilikuwa nene, limegeuka manjano ya kung'aa, na michirizi ya zambarau ikionekana kwa mbali chini ya ngozi. Kwenye kikonyo palifungwa utepe wa kitambaa chekundu, fundo safi la mtu anayejua kazi yake.

Sasa, mama yake Bi Harusi alikuwa muuza matunda. Binti alikulia chini ya meza ya mapapai na maembe, na huko alijifunza mambo mawili kabla hajajua kusoma: kwamba tunda likiwa la manjano limefika, na kwamba tunda likifungwa kitambaa lina mwenyewe, limewekewa mtu wa heshima, lisiuzwe kwa mpita njia. Akalitazama lile biringanya, machozi yakamlengalenga. Kumbe mama mkwe, na ukali wake wote, alikuwa amewawekea wazazi wake tunda bora kuliko yote, kimyakimya, bila kujisifu! Akalichuma kwa mikono miwili. Kitambaa akakifua, akakianika juani.

* * *

Sindano alipofika, wageni walikuwa wameshakaa mezani na wameshaanza kula. Alikiona kitambaa kabla hajawaona wageni. Kilikuwa kimefungwa kwenye mpini wa upawa, kwa upinde wa kupendeza, juu ya bakuli lililojaa vipande vya biringanya, nyanya na vitunguu.

"Karibu, mkwe wangu," alisema muuza matunda, akimeza kwa bidii. "Tumekutangulia."

"Nimewakuta," alijibu Sindano. Akaketi mahali alipokuwa hajakusudia kuketi.

"Mama, nimewapikia lile ulilowawekea," Bi Harusi alisema, uso umechanua. "Sikutaka lipotee bure."

Mumewe Sindano, ambaye alikuwa fundi saa, alitazama dari. Mtaani walimwita Mzee Dakika, kwa sababu kila saa iliyoletwa kwake ingekuwa tayari baada ya dakika moja, na nyingine zilikuwa zimekaa pale mpaka wenyewe wamehama. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mizaha. Sasa alikuwa akihesabu misumari ya dari.

Biringanya lililoachwa likomae kwa ajili ya mbegu si chakula. Ni chungu, ngozi yake ni ngumu kama kandambili, na mbegu zake hupasuka menoni kama mchanga. Wote waliokuwa mezani walikuwa wameshaligundua hilo, na kila mmoja alikuwa ameamua kufa nalo. Muuza matunda hakutaka kumwaibisha bintiye ukweni. Mumewe, seremala mpole asiyependa makuu, hakutaka kumwaibisha mkewe. Bi Harusi alikuwa amesimama akihudumia, hajaonja kitu.

Na Sindano? Angeweza kusema. Ulimi wake haukuwa na historia ya kusubiri. Lakini alimtazama yule msichana, namna alivyokuwa akiwatazama wazazi wake wanavyokula, akaona kwamba neno moja tu lingemvunja mbele ya watu aliotaka wamwone amesimama. Akasogeza sahani.

"Nitilie na mimi," alisema.

Akala. Alikuwa akitafuna bustani ya mwakani, na ya mwaka utakaofuata, na mbegu alizokabidhiwa na mama mkwe wake, mwanamke ambaye hawakupendana sana ila kwa biringanya. Akatafuna zote, akameza.

"Lina nguvu," alisema seremala hatimaye, kwa uangalifu.

"Linajenga," alidakia Mzee Dakika.

"Basi ongeza, baba!" Bi Harusi alisema kwa furaha, akawaongeza wote wawili. Wazee wale wakatazamana kama watu waliokamatwa pamoja, wakainamisha vichwa, wakala.

* * *

Wageni walipokwisha kusindikizwa, Bi Harusi alikaa jikoni, akajipakulia kilichobaki, akatia tonge mdomoni. Alisimama. Akatema. Akakimbilia chumba cha cherehani, ambako Sindano alikuwa amekaa akikanyaga cherehani isiyo na kitambaa, gurudumu likizunguka bure.

"Mama! Nimewalisha nini wazazi wangu?"

"Mbegu," alisema Sindano.

Akamweleza. Biringanya la nyumba ile, jeupe lenye michirizi ya zambarau, halikuwa sokoni wala dukani. Kila mwaka tunda la kwanza lililo zuri huachwa mtini mpaka ligeuke manjano, hufungwa kitambaa, na mbegu zake hukaushwa zikawekwa kwenye kopo lenye majivu. Lakini mvua kubwa zilizopita zilivujisha paa la jikoni, kopo likaingia maji, mbegu zikaota ukungu. Chache alizookoa alizipanda zote. Ulichipua mche mmoja.

"Basi mti upo!" Bi Harusi alisema. "Utazaa tena."

Mlangoni Mzee Dakika alikohoa. Kazi yake ya kila mwaka, kazi pekee aliyoruhusiwa bustanini, ilikuwa kung'oa mbiringanya mzee pindi tunda la kitambaa linapochumwa. Mchana ule, kabla ya wageni kufika, alipita, akaona tunda halipo, akadhani mkewe keshachuma.

"Nimeung'oa," alisema. "Nikaukatakata. Nikauchoma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimefanya kazi bila kuambiwa mara mbili."

Hakuna aliyecheka, ingawa yeye alitegemea kidogo.

"Kwa nini hukuniambia habari za kitambaa, mama?" Bi Harusi aliuliza, sauti ndogo.

"Kwa sababu humu ndani kila mtu anajua."

"Nami nilikuwa sijawa kila mtu."

Sindano akaacha kukanyaga cherehani. Hakuwa amekusudia kumwambia mtoto wa watu kwamba ni mgeni, lakini ndivyo alivyokuwa amemfanya, kwa miezi yote ile, bila kusema neno. Alinyoosha mkono, akamgusa bega, akaurudisha mkono haraka kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Kwake, hayo yalikuwa mapenzi makubwa.

"Hukukosea peke yako," alisema. "Kalale."

* * *

Bi Harusi hakuwa mtu wa kukaa akilia. Kesho yake akakichukua kile kitambaa chekundu, akakifunga kifundoni mwa mkono ili kimkumbushe, akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Alikuwa amesikia kwamba hakuna jirani ambaye hajawahi kupewa biringanya la Sindano. Haiwezekani, aliwaza, mtaa mzima ukose hata mche mmoja.

Aliloambiwa mlango wa kwanza ndilo aliloambiwa milango yote.

"Tumekula sana, mwanangu, Mungu ambariki. Lakini kupanda? Ah!" Mama mmoja alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Nilijaribu. Usimwambie. Nilipanda mbegu za lile alilonipa, hata moja haikuota."

Mwingine naye alijaribu. Mwingine alijaribu mara nyingi, mara nyingine akasingizia udongo. Ilionekana mtaa mzima ulikuwa umejaribu kumwibia Sindano, kila mmoja kwa siri yake, na wote wameshindwa. Sababu ilikuwa nyepesi. Sindano aligawa mabiringanya kwa moyo mkunjufu, lakini aligawa machanga, matamu, ambayo mbegu zake hazijakomaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa tunda na mzito kwa mbegu. Hivyo ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha, naye hakuwahi kujiuliza kama mafundisho yale yalikuwa ya busara au ya uchoyo.

Kwenye duka la pembejeo, kijana wa kaunta alimwonyesha pakiti zenye picha ya biringanya jeusi linalong'aa. Bi Harusi akasema anatafuta jeupe lenye michirizi, lenye miiba midogo kwenye kikonyo.

"Dada, biringanya ni biringanya," alisema yule kijana, akawageukia wateja waliokuwa nyuma ya Bi Harusi. "Huyu anachagua kama anachagua mchumba."

Watu wakacheka. Bi Harusi akatoka nje, uso unawaka, akajikuta mbele ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi alikuwa amekaa mlangoni, na mbuzi wake amelala kando ya miguu yake, kama kawaida.

"Mimi usiniulize," kinyozi alisema kabla hajaulizwa. "Mama mkwe wako hanisalimii. Mwaka fulani tunda moja la kitambaa lilitoweka, akasema ni mbuzi wangu. Nikamwambia mbuzi hana mkasi wa kukata kikonyo. Tangu siku hiyo hatuongei, na huyu hapa namfunga kamba." Akampapasa mbuzi kichwani. "Maisha yake yote kamba, kwa kesi asiyoijua."

* * *

Mlango wa mwisho ulikuwa wa msusi. Msusi alikuwa rafiki wa Sindano wa miaka mingi, mwanamke mnene mcheshi, ambaye saluni yake ndiyo iliyokuwa kituo cha habari zote. Bi Harusi aliketi kitini asukwe huku akisimulia, maana hapo mtu hapati kusikilizwa akiwa amesimama. Akasimulia kitambaa, meza, wazee wawili wakiongezwa chakula. Msusi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akasimulia kopo lenye ukungu, na mti uliochomwa.

Kicheko kikakatika. Vidole vya msusi, ambavyo havikuwahi kukosea njia, vikaanza kusuka upogo.

"Hana hata mbegu moja?" aliuliza.

"Hata moja."

"Hata ya kusahaulika? Kwenye kabati? Chini ya kitanda?"

"Shangazi, tumeinua hadi magodoro. Jana nilimkuta anakanyaga cherehani bila kitambaa."

Msusi akaweka kitana chini. Akavuta pumzi, akaufunga mlango wa saluni, akafungua wa nyuma. "Ukiwa mtu wa kutoboa siri, kaa hapo hapo ulipo," alisema. "Ukiwa mtu anayenisaidia nisiuawe, njoo."

Nyuma ya saluni, kati ya kamba ya taulo na pipa la maji, ndoo kuukuu za rangi zilikuwa zimepangwa kufuata ukuta, na katika kila ndoo ulisimama mbiringanya. Matunda yalining'inia meupe, yenye michirizi ya zambarau kama yamechorwa kwa kalamu. Na moja, nene, la manjano, lilikuwa limefungwa kikonyoni uzi mweusi wa kusukia.

Bi Harusi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nilikata moja tu," msusi alisema haraka. "Mwaka ule aliyafunga kitambaa matatu. Nilikwenda kumsuka, akaingia ndani kubadili nguo, nikaliona. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikamkuta anagombana na kinyozi, mtaa umejaa, ningesemaje? Kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana. Na kila mwaka ananiletea mabiringanya, namwambia asante, nayapeleka ndani nayaweka pamoja na yangu!" Akalichuma lile la manjano, akamtia mikononi. "Chukua. Sema umeokota."

Bi Harusi alilishika, zito, lenye joto la jua. Hapo ndipo wokovu wake ulipokuwa, na ungemgharimu uongo mdogo tu.

"Shangazi, siwezi," alisema. "Nimeshamlisha biringanya bila kujua nafanya nini. Safari hii nataka ajue anachopokea. Twende wote."

"Ataniua."

"Nitakaa katikati yenu."

* * *

Walipita barabarani mchana kweupe, Bi Harusi amesukwa nusu kichwa, msusi amebeba tunda juu ya taulo kama anayekwenda hukumuni. Kinyozi aliwaona. Akaona biringanya. Akaona uzi mweusi. Akasimama, akamfungua mbuzi kamba, akawafuata naye kwa mbali.

Sindano alikuwa akikata uzi kwa meno. Alipoinua macho akaliona tunda, akalitazama kwa muda ambao msusi baadaye alisema ulitosha kusuka kichwa kizima. Akalipokea. Akaligeuza. Akapitisha kidole juu ya miiba ya kikonyo, kisha juu ya ule uzi.

"Wewe," alisema.

"Mimi," alisema msusi.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hakula kitu." Nje, kinyozi alisikia, akampapasa mbuzi kichwani.

Mzee Dakika, aliyekuwa amechungulia kutoka chumba cha pili na saa ya mtu mkononi, akarudi nyuma hatua moja. Bi Harusi akajisogeza katikati, kama alivyoahidi. Msusi akafumba macho.

Sauti iliyotoka haikuwa ile waliyoitegemea. Ilianza kama kikohozi. Sindano alicheka mpaka tepu ikamdondoka shingoni, akacheka akiwa ameshika meza, akacheka machozi yakamtoka na kumwagikia sare za watoto wa watu. "Miaka yote!" alisema akitafuta pumzi. "Miaka yote nakuletea mkononi kikapu cha mali yako mwenyewe! Na ungekuwa mwaminifu, leo tusingekuwa na hata mbegu moja!" Akamvuta msusi, akamkumbatia, akampiga mgongoni kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. "Mwizi wangu wee! Mungu akuweke!"

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuliona. Alimpa Bi Harusi tunda na kisu. "Lipasue wewe," alisema. "Mbegu zioshe kwenye beseni, zinazoelea mwaga, zinazozama ndizo zetu. Zetu, umesikia? Nitakaa hapa nikutazame, ukikosea nitakuambia. Sasa hivi, si baada ya kula."

Bi Harusi alipasua. Alilia kidogo, lakini kisu kilipita sawasawa.

Mbegu zilipokauka, Sindano alikata kitambaa chekundu kilichobaki kabatini, akashona vifuko vidogo, vizuri kama vya kuwekea pete. Akavitia mbegu, akampa Bi Harusi avipeleke nyumba hadi nyumba, kwa wote waliojaribu kumwibia wakashindwa. Cha mwisho kilikuwa kinene kuliko vyote.

"Hiki mpelekee kinyozi," alisema.

"Nimwambie nini?"

Sindano alifikiri. Kuomba radhi kulikuwa kushona asikokuzoea. "Mwambie ni za mbuzi."

* * *

Msimu uliofuata michirizi ya zambarau ilionekana kila ukuta. Sindano alipita mtaani jioni jioni akikagua, akilalamika: huyu kapanda kwa kubananisha, yule kazidisha maji, msusi ndoo zake chafu. Alilalamika kwa furaha ya wazi, na Bi Harusi alitembea kando yake akiitikia. Wageni walikuja tena, safari hii wakala machanga, laini. Muuza matunda alisifu kwa moyo wake wote. Seremala alikula kimya, kisha akauliza kwa upole kama lile lingine, lile lenye nguvu, halikupatikana. Alikuwa ameanza kulizoea.

Siku moja kinyozi alisimama mlangoni pa Sindano, mbuzi nyuma yake bila kamba. Mkononi alikuwa na biringanya jeupe, dogo.

"La kwanza la kwangu," alisema. "Nimekuletea."

Sindano alilipokea. Maisha yake yote alikuwa amegawa mabiringanya, na hakuna siku hata moja aliyowahi kupewa. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Umelichuma changa mno," alisema mwisho.

"Ndivyo nilivyosikia," alijibu kinyozi. "Mtaa huu, biringanya la kupewa huwa changa."

Sindano akaangua kicheko, na kinyozi naye, mpaka Mzee Dakika akatoka kuona kuna nini. Walipokuwa wakicheka, mbuzi alizunguka nyumba polepole, akapita tangi la maji, akafika kwenye mbiringanya wenye tunda la kitambaa chekundu. Akanyoosha shingo, akang'ata jani moja, akalitafuna taratibu huku akiwatazama.

"Mbuzi! Mama, mbuzi!" Bi Harusi alipiga kelele, akainua fagio.

Sindano akamshika mkono.

"Mwache ale," alisema. "Adhabu alishaitumikia."